UZI: Dagaa wameoza, lawama kwa dalali, mvua na jirani. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, fungua daftari

MizaniKwanza (mleta mada)

Habari zenu wakuu.

Kila mvua zikianza, nyuzi ni zilezile: dalali wa soko la Kirumba, Mwanza, kaniua, mvua imenimaliza, dereva kaiba, jirani wa chanja (meza ya wavu ya kuanikia dagaa) ana mkono mchafu, kausha damu (wakopeshaji wa riba kubwa) wamenifilisi. Zisome zote mpaka mwisho, hukuti tarakimu hata moja. Hakuna anayesema alinunua ndoo ngapi, chanja zake zilikuwa na ukubwa gani, alifunga magunia dagaa wakiwa na unyevu kiasi gani. Lawama isiyo na hesabu humwangukia aliye karibu tu.

Napendekeza kila hasara igawanywe mafungu matatu kabla mtu hajafungua mdomo. Fungu la kwanza ni lile ulilokuwa na uwezo wa kulizuia. La pili ni la mtu mwingine, na ushahidi unao mkononi. La tatu ni la ziwa na mbingu. Wengi wanaanza na la pili, wakikosa ushahidi wanahamia la tatu, la kwanza hawafiki kabisa.

Chukua hasara inayosingiziwa mvua. Dagaa mbichi ni maji karibu robo tatu ya uzito wake. Mmoja ana urefu wa sentimita 5 hivi, uzito gramu moja au pungufu kidogo. Ukiwalaza kwenye chanja tabaka moja, mita moja ya mraba inabeba kilo 2, ukibana sana kilo 3. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 18 hadi 20. Maana yake ndoo moja inataka mita za mraba 7 mpaka 10 ili ikauke siku hiyohiyo.

Sasa mtu ana chanja mbili, upana mita 1 na urefu mita 20 kila moja. Jumla mita za mraba 40. Uwezo wake ni ndoo tano. Usiku ule dagaa wamepatikana kwa wingi, bei imeshuka mwaloni (ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa), ananunua ndoo 15. Tano zinalala vizuri, kumi zinarundikwa juu yake au zinamwagwa mchangani. Saa nane mchana wingu linajikusanya. Wale wa tabaka moja wameshakauka, wanaokolewa. Wale wa rundo nje wamekauka, tumboni wabichi, kesho asubuhi wananuka. Taarifa inayofika kwa mkopeshaji ni kwamba mvua imemaliza mtaji. Mvua ilikuja saa nane. Uamuzi wa kununua ndoo 15 ulifanyika saa moja asubuhi, jua likiwaka, na hakuna aliyemlazimisha.

Hesabu ya pili: kilo 100 za dagaa wabichi zikikauka mpaka unyevu wa asilimia 12 zinabaki kilo 28 hivi. Ukipata kilo 35 usishangilie, unyevu bado uko karibu asilimia 29 na hizo kilo saba za ziada ni maji. Yatakutoka huko mbele, ama kwa kupungua uzito ama kwa ukungu.

Daftari liwe na safu hizi: tarehe, usiku wa giza au wa mbalamwezi, ndoo zilizonunuliwa, uzito mbichi, mita za chanja zilizotumika, saa ya kuanika, saa ya kukusanya, uzito mkavu, mnunuzi, kilicholipwa na kilichobaki. Mstari mmoja kwa kila mzigo.

Ng'wana Kayenze

Nafuatilia. Mleta mada usikimbie uzi wako.

MzigoNansio

Mkuu umeongea vizuri lakini tujibu hili. Mtu amefunga gunia 40 za kilo 50 kule Ukerewe. Anakuja kupima Mwaloni Kirumba anakuta pungufu kilo 150. Hapo naye ajilaumu? Mwizi si yupo kabisa?

MizaniKwanza

Inategemea kilo 150 zimepotea kwa muda gani.

Kama mzigo ulikaa stoo wiki kadhaa wakati wa kiangazi, piga hesabu. Gunia 40 ni kilo 2,000. Tuseme ulifunga unyevu ukiwa asilimia 18.6, ambao kwa mkono unahisi "wamekauka". Dagaa wenyewe bila maji ni kilo 1,628. Unyevu ukishuka mpaka asilimia 12, kilo 1,628 gawanya kwa 0.88, unapata 1,850. Kilo 150 kamili zimekwenda hewani. Mlinzi wa stoo hajala hata dagaa mmoja, na huenda ameshafukuzwa kazi.

Kama zimepotea kati ya gati la Nansio kule Ukerewe na Mwanza siku ileile, hapo unyevu hauhusiki. Gunia lililofungwa halitoi karibu kilo nne za maji kwa saa chache za safari. Imebaki mizani au wizi, na mizani ndiyo inayopimwa kwanza. Jaza ndoo maji lita 20 zilizopimwa kwa chupa, toa uzito wa ndoo tupu. Mizani isomeke kilo 20. Fanya hivyo mizani ya kule na ya huku. Angalia pia stika ya Wakala wa Vipimo kama ni ya mwaka huu. Mizani zote mbili zikiwa sawa na kilo bado hazipo, sasa una haki ya kumkamata mtu shati, tena ukiwa na karatasi.

Kosa la mwenye mzigo lingekuwa kutoandika uzito juu ya kila gunia kwa kalamu ya wino mzito kabla ya kupakia. Ukiwa na jumla peke yake huwezi kujua kama magunia yote yamepungua kilo nne nne (maji au mizani) au magunia matano yamepungua kilo thelathini thelathini (mtu).

Mama Chanja

Hapo kwenye unyevu watu watauliza wanapimaje. Wengi wanakunja dagaa: akivunjika "ta" yuko tayari, akikunjika bado. Ni sawa kwa haraka, ila kichwa na mkia hukauka kabla ya tumbo, kwa hiyo mvunje katikati, tumboni, si mkiani.

Kwa uhakika tumia mizani ndogo ya jikoni, ile ya gramu. Chota dagaa sehemu tano za rundo, juu, chini na katikati, wachanganye, pima gramu 100. Waweke kwenye oveni joto la nyuzi 105 hivi. Pima kila nusu saa mpaka uzito ugome kushuka. Zikibaki gramu 88, unyevu ulikuwa asilimia 12. Zikibaki 82, usifunge gunia. Wasio na oveni watumie sufuria yenye mchanga mkavu chini, bati juu ya mchanga, moto mdogo wa mkaa. Wakianza kuungua na kutoa moshi kipimo kimeharibika, rudia.

Ukivuka asilimia 15 ukungu unapata nafasi. Mzigo wa kukaa miezi ushushe mpaka 10, wadudu nao hawapendi pakavu hivyo.

Kiboko wa Igombe

Kuna njia rahisi zaidi, ile ya chumvi kwenye chupa. Tia chumvi kavu na dagaa, tikisa, chumvi ikiganda kwenye kioo basi bado wabichi.

Mama Chanja

Hiyo ni ya mahindi mkuu. Dagaa ana mafuta na vumbi la magamba, chumvi itaganda hata kama amekauka vizuri. Baki na mizani.

Asiyeonewa

Wakuu naomba nipinge kidogo. Uzi huu unaelekea kumtwisha mnyonge kila kitu. Ziwa lilipopanda 2020 mpaka kuvunja rekodi ya 1964, mialo mingapi ilimezwa na maji? Chanja zilikwenda, vibanda vilikwenda. Bei ikianguka kwa sababu wanunuzi wa Kongo hawakuja, mwanikaji dagaa wa kisiwani Ukara kakosea wapi? Na ushuru je? Tusiwafundishe watu kujipiga vifua kwa makosa ya wengine.

MizaniKwanza

Ndiyo maana kuna fungu la tatu. Aliyepoteza chanja 2020 hana kosa lolote, na anayemwambia "ungejipanga" hajui anachosema. Ila ziwa lilipanda tena 2024. Aliyekuwa amezijenga upya mstari uleule, hatua chache kutoka kwenye maji, maji yakazifuata tena, huyo ana fungu lake la kwanza. Alama za maji ya 2020 zilikuwa bado zinaonekana kwenye kuta na miti. Jenga juu ya alama ya maji yaliyofika juu kuliko yote. Ni kutembea zaidi na ndoo kichwani, najua, na vijana watadai nyongeza.

Bei nayo iko hivyohivyo. Huwezi kumleta mnunuzi wa Kongo, lakini dagaa wa chanja mwenye unyevu wa asilimia 10 unaweza kumsubirisha mpaka bei irudi. Dagaa wa mchangani mwenye asilimia 20 anakulazimisha kuuza leo kwa bei yoyote. Soko lilianguka kwa wote wawili, aliyeumia zaidi ni mmoja.

Kuwajibika si kujilaumu. Anayejilaumu anasema "mimi sina bahati", kesho anarudia yaleyale. Anayewajibika anaandika "ndoo 15 kwenye mita 40", kesho ananunua tano. Mwanasaikolojia wa Marekani Julian Rotter aliliandikia hili 1966: kuna wanaoona mambo yao yanaongozwa zaidi na matendo yao, na kuna wanaoyaona yako mikononi mwa bahati au watu wenye nguvu. Kwenye dagaa vyote viwili vipo, kazi ni kuvitenganisha.

Ng'wana Kayenze

Mmesahau ndagu, uchawi. Kuna mtu hapa Ilemela dagaa wake wanaharibika kila mwezi, wa jirani yake hawaharibiki. Anamjua anayemroga hadi jina.

Mama Chanja

Mchawi gani huyu anayependa dagaa wa mchangani tu? Kaangalie, nina hakika aliyerogwa anaanika chini na jirani anaanika juu.

Mchanga wa pwani una maji chini yake, yanapanda usiku kucha. Dagaa anapokea jua upande mmoja, upande wa pili ananyonya unyevu, na kuku na mbuzi wanapita juu. Chanja inapitisha upepo juu na chini. Kimo kiwe mita moja kutoka ardhini, upana usizidi mita 1.2 ili mtu afikie katikati akiwa upande wowote, wavu wa nailoni wenye matundu madogo ukazwe sana. Ukilegea unajikusanya katikati kama kitanda cha kamba na dagaa wote wanateremkia huko. Panga chanja zikatize uelekeo wa upepo, si zifuatane nao, zisije zikapeana hewa iliyokwisha lowa.

Kabla ya kuanika osha kwa maji safi, si maji ya ukingoni pale mitumbwi inapooshwa. Acha yachuruzike dakika 20 hivi. Geuza baada ya saa mbili, mapema zaidi wanang'ang'ania wavu na kukatika vichwa. Jua kali na upepo, siku moja inatosha.

TaaYaZiwa

Niongezee kwenye mvua, maana watu wanaisema kama ajali ya barabarani. Usiku nchi kavu inapoa kuliko ziwa, upepo unavuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati na kupanda juu. Ndiyo sababu radi za ziwani hupiga usiku kuelekea alfajiri. Mchana mambo yanageuka: nchi inapata joto, upepo wa ziwa unaingia, mawingu yanajengeka nchi kavu alasiri. Kwa mwanikaji saa zenye faida ni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane. Anayeanza kuanika saa tano kwa sababu alichelewa kupatana bei mwaloni ameshapoteza saa mbili za dhahabu, halafu jioni analaumu wingu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri kila siku, redio zinausoma. Machi mpaka Mei na Oktoba mpaka Desemba usinunue zaidi ya nusu ya uwezo wa chanja. Turubai liwe limekunjwa pembeni mwa chanja, si nyumbani. Ukifunika usiwarundike, weka miti juu ya chanja turubai lipate mgongo, hewa ipite.

Mvua ikikukuta na mzigo mbichi bado una njia mbili. Kukaanga, wa kuliwa karibuni. Au chumvi kavu, kilo 1 kwa kilo 5 za dagaa, ndani ya pipa la plastiki lenye tundu la kutolea maji, jua likitoka unaanika. Kumbuka dagaa wa chumvi ni soko lingine na hunyonya unyevu hewani siku za mvua, kwa hiyo mfungie kwenye mfuko wa nailoni ndani ya gunia. Chumvi ya akiba ni bei ndogo kuliko pipa moja la dagaa waliooza. Asiyekuwa nayo Novemba asiitaje mvua.

MzigoNansio

Sawa, mvua na mizani nimeelewa. Dalali je? Mali kauli (unamwachia mzigo auze, akulipe baadaye) imeua wengi pale sokoni.

Hati na Muhuri

Dalali anayekula hela ni mwizi, fungu la pili, hapo sina ubishi. Lakini mali kauli ya mdomo inampa nafasi, na nafasi hiyo ilitoka kwako. Wengi wanaokimbiwa na dalali hawana hata jina lake la tatu. Namba ya simu peke yake si anwani.

Kabla gunia halijashuka kwenye gari: nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya kizimba chake sokoni, na mtu mmoja wa uongozi wa soko anayemfahamu kwa sura. Karatasi iandike idadi ya magunia, uzito wa kila moja, daraja (chanja au mchanga), bei ya chini ambayo hawezi kuuza chini yake bila kukupigia, kamisheni yake kwa gunia, na tarehe ya kulipa. Wasaini wote wawili na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Bei ya chini ndiyo inayosahaulika, halafu dalali anasema "soko lilikuwa baya" na huna cha kujibu.

Usimpe mzigo wote. Gunia kumi kwanza, zikilipwa, kumi nyingine. Anayepewa arobaini mara moja na mtu asiyemjua amepewa mtihani mkubwa kuliko wake.

Asipolipa tarehe ikipita, mwandikie barua ya madai yenye siku 14, bakiza nakala iliyosainiwa kupokelewa. Kisha uongozi wa soko, kisha Mahakama ya Mwanzo. Madai ya mkataba yana miaka sita kabla hayajafa kisheria, ila ushahidi hufa mapema zaidi. Meseji za simu piga picha zitunze, simu huibiwa.

Asiyeonewa

Na kausha damu? Hao nao tuwasafishe?

Hati na Muhuri

Simsafishi mtu. Anayekopesha bila leseni, akichukua kadi ya benki na nywila yako, anavunja sheria, mripoti.

Lakini angalia kalenda. Mwezi unakamilika kwa siku 29 na nusu, na kuzunguka mwezi mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi hulala wiki nzima au zaidi. Hilo linajulikana tangu enzi za karabai, kabla ya hizi taa za sola. Mtu anakubali marejesho ya kila wiki bila kuruka wiki ya mbalamwezi. Tuseme amekopa 400,000, marejesho 120,000 kwa wiki nne, jumla 480,000. Kila mwezi kuna rejesho moja ambalo hakuna dagaa wa kulilipa, kwa hiyo analipa kwa mtaji au kwa mkopo mwingine. Hilo lilijulikana siku ya kusaini. Kaa na mkopeshaji, omba marejesho matatu ya 160,000 kwenye wiki za giza. Akikataa, chukua mkopo mdogo zaidi au uende kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Ukichukua hivyo hivyo, andika kwenye daftari kwamba ulichukua ukijua.

Kiboko wa Igombe

Wa Sengerema na Buchosa walikuwa wanalaumu foleni ya kivuko cha Busisi. Daraja limefunguliwa 19 Juni 2025, naona sasa wanalaumu matuta.

Ng'wana Kayenze

😂😂 Wabheja (asanteni). Swali la mwisho wakuu: mzigo umekauka vizuri, umepimwa, uko stoo, miezi miwili baadaye kuna wale wadudu wadogo weusi na funza wenye manyoya. Muuza gunia ndiye kaniuzia wadudu au stoo?

Mama Chanja

Fungua magunia manne: mawili ya ukutani, mawili ya katikati. Wadudu wakiwa wengi ukutani na chini, wametoka stoo, ni wako. Wakiwa gunia zima la mtu mmoja na la mwenzake pembeni ni safi, wamekuja na mzigo, na kama ulimpokea bila kufungua hata gunia moja, bado mnagawana.

Stoo ifagiliwe mpaka kwenye nyufa kabla ya mzigo mpya, nyufa zizibwe kwa saruji. Mabaki ya msimu uliopita ndiyo mbegu ya wadudu. Magunia yakae juu ya mbao, kimo cha sentimita 15, nusu mita kutoka ukutani. Mzigo uliotangulia kuingia utangulie kutoka. Dawa ya kunyunyizia pamba au mahindi isiguse dagaa hata tone, huyo ni chakula cha mtoto. Anayetaka cheti cha kuuza nje aulize maabara ya ubora wa mazao ya uvuvi pale Nyegezi kabla, si mzigo ukiwa mpakani.

Gunia lenye funza lihamishe kwanza nje, mbali na mengine. Mwaga kwenye turubai jeusi juani, tabaka jembamba, kuanzia saa nne mpaka saa tisa, wadudu wanakimbia joto. Chekecha kwa chekeche la wavu, vumbi choma, usilifagilie pembeni. Halafu pima unyevu upya na uzito upya, andika vyote viwili kwenye mstari wa gunia lile.